Nukta Pacha za Bi Msimu

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwa woga, maana sisi hatuna woga. Ulikusanywa wote mwaka juzi katika zoezi maalumu, kila mwananchi akaripoti kituoni na wa kwake. Sitalitaja kwa sababu jina lenyewe limepelekwa kwenye marekebisho, na mpaka kamati itakapomaliza kazi tumeagizwa tuseme "hapa".

Basi hapa, mimi ni karani wa masjala, daraja la tatu, katika Wizara ya Kutokuwepo. Nitasimulia niliyoyaona na pia niliyoyafanya, ila haya ya pili msomaji aniwie radhi nikiyasema kwa sauti ya chini.

Wizara yetu iliundwa baada ya kubainika kwamba wananchi wanaondoka majumbani mwao kiholela. Mmoja kaenda msibani, mwingine harusini, wa tatu kalazwa hospitali, na wote wanatoka tu na mabegi yao bila kumwambia mtu wa maana. Serikali ikaona hapana. Kutokuwepo kukapewa wizara, na wizara ikapewa waziri, Mheshimiwa Dokta Injinia Nyundo Balasa, ambaye anaijua kazi hiyo kuliko sisi sote. Katika miaka minne niliyofanya kazi pale nilimwona ofisini mara mbili, na moja kati ya hizo alikuwa amekosea mlango.

Zamani mtu akisafiri naye ana paka, alikuwa anakwenda uani, anamwita jirani, anampitishia ufunguo juu ya ua na kusema, "Niangalizie paka." Jirani anasema, "Haya." Kazi imekwisha. Hakuna fomu, hakuna muhuri, hakuna mgeni rasmi. Waziri alipoelezwa jambo hili inasemekana aliuliza, "Na nani anathibitisha kwamba huyo jirani kweli amesema haya?"

Hakuna aliyeweza kuthibitisha. Ndipo ukaanzishwa Mpango wa Taifa wa Kukaimu Wenye Paka. Mwenye paka akisafiri, Serikali inakaimu nafasi yake. Jirani akionekana na bakuli, hiyo inaitwa ulezi holela, na adhabu yake ni siku tisini.

*

Bi Msimu Kitwana alifika dirishani kwangu siku ya Alhamisi, akipapasa ukuta. Ni mkunga mstaafu. Kwa miaka arobaini alikuwa akiwapokea watoto wa mji huu, hata nusu ya Baraza la Mawaziri ilipita mikononi mwake, jambo ambalo hajawahi kuliombea radhi.

"Shikamoo, bibi," nikamwamkia.

"Marahaba. Sauti naijua, sura ndiyo imenikimbia. Wewe wa nani vile?"

"Mlekwa, bibi. Wa mama Sikudhani."

"Ah, Mlekwa. Wewe ulitanguliza miguu."

Nikamwomba apunguze sauti, kwa kuwa mkuu wangu wa kitengo alikuwa meza ya pili na alikuwa ananifikiria kwa cheo.

Bi Msimu alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. "Nimewatoa watoto maelfu," akaniambia, "huyu peke yake ndiye amenigomea." Hospitali ya mkoa ilimpangia tarehe ya upasuaji mara mbili, na mara mbili hakwenda, kwa sababu ya paka. Sasa daktari amemwambia hii ya tatu ndiyo ya mwisho. Akiikosa, macho yanafunga.

Paka wake ni wawili. Mmoja anaitwa Zogo, kijana, mkorofi, anajimudu. Wa pili anaitwa Kisamvu, ana miaka kumi na saba na hana jino hata moja. Marehemu mume wake ndiye aliyemleta Kisamvu, akiwa kichanga, ndani ya shati. Alimkabidhi mkewe asubuhi moja akamwambia mtunze huyu mpaka nirudi. Hakurudi.

"Mimi sijaambiwa nimwache," Bi Msimu akasema. "Kwa hiyo namtunza. Lakini mwanangu, yule ni mzee. Maziwa asubuhi, dagaa wa kusagwa mchana, basi. Akikosa siku mbili, ya tatu simkuti. Kwani fundi Tindwa asiniangalizie kama siku zote?"

Nikatazama nyuma. Fundi Tindwa ni jirani yake, fundi cherehani, na wamepakana ua kwa miaka thelathini. "Bibi," nikamnong'oneza, "hilo neno hapa hatulisemi."

Akavuta pumzi, akatoa karatasi. Alikuwa ameandika mwenyewe nyuma ya kalenda, kwa kalamu ya wino mzito, herufi moja moja kubwa ili aweze kuziona. Juu kabisa: *Yah: Paka wangu wawili.* Chini yake:

*Paka: maziwa asubuhi.*

*Paka: dagaa mchana, wasagwe.*

*Kisamvu: hana meno, alainishiwe.*

Barua nzuri, hata mtoto angeielewa. Hilo ndilo lilikuwa tatizo lake la kwanza.

*

Sasa nafika kwenye sauti ya chini.

Kwetu kuna Waraka namba kumi na nne, unaokataza alama za uandishi zisizo za lazima katika barua zinazopanda ngazi. Ulitoka baada ya sherehe za uhuru, ambapo Mheshimiwa Balasa alisoma "Ndugu wananchi," akafika kwenye mkato, akatua, kama mkato unavyotaka. Bendi ikadhani amemaliza, ikapiga wimbo wa taifa. Watu wakaenda nyumbani. Magazeti yaliisifu hotuba ile kwa kina chake, lakini Mheshimiwa aliumia, na tangu siku ile alama za uandishi hazina rafiki wizarani.

Basi nikachukua wino mweupe wa kufutia. Nikaifunika mikato. Nikaifikia ile nukta pacha ya kwanza, vile vitone viwili vinavyokaa kimoja juu ya kingine baada ya neno "paka", nikaifunika. Nikaifunika ya pili na ya tatu.

"Unafanya nini, mwanangu?" akauliza Bi Msimu, maana alisikia kichupa.

"Naisafisha barua, bibi."

"Ahsante. Mungu akuzidishie."

Halafu nikachukua mkasi, nikakata kile kipande cha juu chenye "Yah". Kwetu kichwa cha barua hubaki masjala kwa sababu za usalama, kwa kuwa mtu akijua barua inahusu nini anaweza kuivujisha. Kiwiliwili peke yake ndicho kinachopanda. Nikapiga muhuri, nikachukua ufunguo wa nyumba yake, nikamtakia safari njema. Jumatatu akapanda basi kwenda hospitali, akiwa na amani moyoni, kwa siku kumi.

*

Kurugenzi ya Utekelezaji ilikutana siku hiyohiyo ya Jumatatu. Mimi nilikuwepo kwa kuwa ndiye niliyebeba jalada. Mkurugenzi, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba ya dhahabu, akasoma kwa sauti:

"Paka maziwa asubuhi."

Akagonga karatasi kwa kidole.

"Linaeleweka," akasema. "Limeanza na kitenzi. Napenda mwananchi anayeanza na kitenzi."

Afisa mmoja mgeni akauliza, "Tupake wapi, Mkurugenzi?"

"Barua imetaja wapi?"

"Hapana."

"Basi ni kila mahali."

Wakaandika. Agizo la pili lilikuwa *Paka dagaa mchana wasagwe*, nalo liliwavutia zaidi. Afisa Ujenzi alisema kwa uzoefu wake dagaa mzima hapakiki, lazima asagwe kwanza, na mwandishi wa barua hii bila shaka ni mtu wa fani. La tatu lilileta ubishi. *Kisamvu hana meno alainishiwe.* Afisa Lugha alisimama kwa uchungu akasema hilo ni kosa la ngeli. Kisamvu si mtu, ilipaswa iwe kisamvu hakina meno, kilainishwe. Likasahihishwa. Afisa Lishe akaombwa athibitishe kama ni kweli kisamvu hakina meno, naye akathibitisha, akiongeza kwamba hata matembele hayana.

Mimi nilikuwa nimesimama ukutani, na jalada nimelikumbatia. Nilijua. Katika chumba kile chenye watu kumi na tisa wenye shahada ishirini na mbili, mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba mle ndani kulikuwa na paka wawili, na mmoja hana meno. Nikanyanyua mkono, mpaka usawa wa sikio.

"Karani, una hoja?"

"Hapana, Mkurugenzi. Najinyoosha tu."

"Jinyooshee nje."

Nikatoka. Kwa hiyo msomaji asije akasema hakuna aliyenisikiliza, mimi sikusema.

*

Uzinduzi ulifanyika Jumanne, uani kwa Bi Msimu. Kulikuwa na turubai, viti vyenye vitambaa, kikundi cha ngoma, na fulana zilizoandikwa TUNAKAIMU KWA VITENDO. Maziwa yalikuja kwa gari la zimamoto. Mshereheshaji alisoma barua rasmi ya kuiteua Serikali kukaimu nafasi ya Bi Msimu Kitwana katika nyumba yake, jikoni mwake na uani kwake, mpaka itakapotangazwa vinginevyo.

Waziri alikuwepo. Nalitaja hili kwa heshima, kwa kuwa ni nadra. Alisimama na brashi mpya yenye utepe.

"Ndugu wananchi wapo wanaobeza," alisema, kwa pumzi moja, maana hotuba yake nayo ilikuwa imesafishwa. "Wapo wanaouliza kwa nini tunapaka maziwa. Na mimi nawauliza wao, chokaa tulipopaka mliuliza? Rangi tulipopaka mliuliza? Leo maziwa ndiyo mnapata midomo? Nchi inayoogopa kupaka maziwa kesho itaogopa kupaka nini?"

Wakapiga makofi. Naye akaingia sebuleni, akachovya brashi kwenye ndoo, akapiga mkono wa kwanza kutoka dari hadi sakafu. Maziwa yakatiririka juu ya picha ya marehemu mume wa Bi Msimu, aliyekuwa ametundikwa pale na kofia yake.

Wakati huo Zogo akatokea chini ya kabati, akaenda moja kwa moja ukutani, akaanza kulamba. Nyuma yake, polepole, akaja Kisamvu.

"Hiki nini?" Waziri akauliza.

"Paka, Mheshimiwa," akajibu afisa aliyekuwa karibu.

"Nimeshapaka. Nauliza hiki nini."

"Paka, Mheshimiwa."

Waziri akachovya tena, akapaka mkono wa pili, maana ni mtu asiyependa kubishana hadharani. "Haya, nimepaka mara mbili. Sasa niambie, hiki nini?"

Afisa akaona kazi yake inamponyoka. Akatafuta maneno mengine. "Ni wanyama wawili wasio na vitambulisho, Mheshimiwa. Wanalamba mradi."

Hapo Mheshimiwa akakunja uso. Kulamba mradi kwetu kuna utaratibu wake, na watu wake wanajulikana. Ikatolewa amri ya papo hapo, wanyama wale waondolewe eneo la kazi. Wakafungiwa stoo ya kuni nyuma ya nyumba, mlango ukatiwa kufuli ya Serikali. Kisha wageni wakahamia kwenye turubai, ambako kisamvu kililetwa sufuria tatu, kimelainishwa kwa nazi kama barua ilivyoagiza, wakala mpaka wakashusha mikanda.

Jioni nilipokuwa natoka nilipita nyuma ya ile stoo. Zogo alikuwa analia. Kisamvu sikumsikia.

*

Jumatano adhuhuri fundi Tindwa alifika dirishani kwangu, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Ni mtu mpole, hata nguo ikimbana mteja huilaumu nguo.

"Mlekwa," akasema, "paka wa dada Msimu wamefungiwa stoo tangu jana. Wanapaka maziwa ukuta mzima na wale viumbe hawana hata tone. Yule mzee hasikiki tena."

"Nimekusikia, fundi."

"Kama umenisikia, fungua."

Nikampa fomu. Ilikuwa fomu sahihi, sikukosea. Ilimtaka ajaze sababu za kusikia sauti ya mnyama asiye wake, na mwisho kulikuwa na mahali pa sahihi ya mwenye paka au, asipokuwepo, ya paka mwenyewe. Fundi Tindwa akaisoma mpaka mwisho, akaikunja mara nne, akaniwekea dirishani.

"Wewe na mimi tutaonana," akasema, bila ukali, akaondoka.

Yaliyofuata niliyapata kwenye jalada la mashtaka, ambalo mimi mwenyewe nililipa namba. Mtuhumiwa aliruka ua saa tisa alasiri. Alibandua bati moja la stoo. Mnyama wa kwanza alichomoka akapotelea mtaani. Mnyama wa pili alikuwa amelala juu ya gunia, akipumua kwa shida. Mtuhumiwa alichovya kidole kwenye ndoo ya Serikali akampa mnyama alambe, akachovya tena, akampa tena. Alikutwa na afisa wa zamu, mikono yote miwili imelowa maziwa. Kosa la kwanza, ulezi holela. Kosa la pili, kupaka bila kibali.

Alipochukuliwa kwenda kituoni, Kisamvu alikuwa ndani ya shati lake.

Pale kaunta ya polisi kuna daftari la vitu vya mahabusu. Lina mistari ya mkanda, viatu, saa na simu. Mstari wa paka haumo. Konstebo alifikiri sana, akaandika: *Sweta la manyoya, moja, kuukuu, linakoroma.* Na kwa kuwa mahabusu anaruhusiwa kubaki na nguo zake, Kisamvu akaingia selo na fundi.

Alhamisi nilinunua pakiti ya maziwa. Nilikwenda nayo mpaka kwenye kona ya kituo. Nikaliona gari la wizara limeegeshwa nje. Nikasimama pale, nikatoboa ile pakiti, nikainywa mwenyewe mpaka ikaisha, nikarudi kazini. Naona aibu kuandika habari hii, na ningeona aibu zaidi kuiacha.

*

Bi Msimu alirudi siku ya kumi, bila kupapasa ukuta.

Siku hizo Kurugenzi ilikuwa haijapumzika. Kila asubuhi walipaka maziwa, kila mchana walipaka dagaa. Kuta zilikuwa zimeganda tabaka juu ya tabaka, za njano, zenye mabaka. Nzi walikuwa wanatembea kwa miguu, hewa ilikuwa nzito. Paka wa mtaa mzima walihamia pale, pamoja na wa mtaa wa pili. Afisa Takwimu aliwahesabu arobaini na mmoja, akaandika kwamba kutoka paka wawili hilo ni ongezeko ambalo hakuna wizara iliyowahi kulipata. Zogo alikuwamo, amenenepa, ameshasahau kila kitu.

Majirani wanasema Bi Msimu alisimama mlangoni kwake muda mrefu. Aliita, "Kisamvu," mara tatu. Paka arobaini na mmoja wakageuka kumtazama, na yeye, kwa macho yake mapya, akawatazama mmoja mmoja, akaona hayumo.

Akaja dirishani kwangu. Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi.

"Kumbe ndiye wewe," akasema. "Nilidhani utakuwa na sura nyingine."

"Shikamoo, bibi."

Hakuipokea. "Niletee barua yangu."

Nikaileta. Akaishika mbali kidogo na macho, anavyofanya mtu aliyeanza upya kuona. Kidole chake kikapita juu ya neno la kwanza, kikasimama penye doa jeupe.

"Nukta zangu ziko wapi?"

"Zilionekana si za lazima, bibi."

"Zilionekana na nani?"

"Waraka, bibi. Namba kumi na nne."

"Waraka ndio ulioshika kichupa?"

Mkuu wangu wa kitengo alikuwa amenyanyua kichwa. Nilikuwa na majibu matatu yote yakiwa na mihuri. Nikayaacha yote.

"Mimi, bibi," nikasema. "Na nilijua."

Akaikunja ile barua, akaitia kifuani. "Wewe ulitanguliza miguu," akasema, na safari hii sikumwomba apunguze sauti. "Mama yako aliniambia mwache mtoto, niokoe mimi, nina wengine wanne nyumbani. Baba yako mlangoni anasema mwache mama, mwokoe mtoto, ndiye wa kiume. Mimi sikumwacha mtu. Sikuuliza nani ni wa lazima. Kisamvu yuko wapi?"

"Yuko kituoni, bibi. Na fundi Tindwa."

"Hai?"

"Sijui."

"Twende."

Nikasimama, nikatoka nje ya ofisi ya Wizara ya Kutokuwepo bila kujaza fomu ya kutokuwepo. Nadhani ni mimi wa kwanza.

*

Mkuu wa kituo ni mtu mkubwa, ana nyota begani na tumbo linalomtangulia. Alipomwona Bi Msimu akainuka, halafu akakumbuka cheo chake, akakaa.

"Mama, kesi ya Tindwa ni ya Serikali," akasema. "Upakaji wa maziwa bila kibali si jambo dogo. Siwezi kufungua mpaka wizara iniandikie."

Bi Msimu akaegemea kaunta.

"Wewe ulikuja umevaa kitovu shingoni," akamwambia. "Ulikuwa umeshageuka rangi. Mama yako hajui mpaka leo, sikumtisha. Nilikifungua kwa vidole hivi. Sikungoja mtu aniandikie. Sasa fungua na wewe."

Konstebo akaangalia dari. Mkuu wa kituo akapapasa kola yake, akailegeza kidogo, akatoa funguo.

Fundi Tindwa alitoka akiwa na ndevu za siku nane, na shati limetuna tumboni. "Pole na safari, dada," akasema. "Macho?"

"Yanaona. Pole na wewe, fundi."

Fundi akafungua vifungo viwili. Kikatoka kichwa, kimekonda, masikio yamesimama. Ilikuja kujulikana kwamba yule konstebo alikuwa akimpa maziwa ya chai yake kila asubuhi, na mchana fundi alimtafunia dagaa wa mahabusu kwa meno yake mwenyewe. Kwenye daftari hakuna kosa la namna hiyo, kwa hiyo hakuna aliyeandika.

Bi Msimu alimchukua mikononi, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha. Miaka saba alikuwa amemjua kwa kumpapasa.

"Kumbe umeota mvi," akamwambia paka. "Na mimi."

Alilia kidogo. Konstebo, ili kila kitu kiwe sawa, akaandika kwenye daftari: *Sweta limerudishwa kwa mwenyewe.*

*

Mpango wa Taifa ulitangazwa umefanikiwa. Ripoti ina picha za rangi na jedwali linalopanda. Nchi moja ya mbali, isiyo na ng'ombe, ilimwalika Mheshimiwa Balasa akapokee tuzo ya ubunifu, na safari yake ilikuwa ya wiki mbili. Ulezi holela bado ni kosa. Ua wa Bi Msimu na fundi Tindwa uliongezwa urefu kwa amri, ukawekewa na bango.

Mimi nilipewa barua ya onyo kwa kutokuwepo bila kibali, nayo sikujutia. Katika wale paka arobaini na mmoja, mmoja alinifuata nyumbani akakaa. Nikamwita Mkato.

Miezi miwili baadaye ikanibidi kwenda kwenye harusi ya dada yangu, siku nne. Ijumaa baada ya sala, nikambeba Mkato kwenye kikapu, nikapita uchochoro wa nyuma mpaka kwenye ule ua. Chini ya bango kuna bati limelegea, la upana wa kikapu, na kila mtu mtaani analijua.

Nikakuta foleni. Kulikuwa na Mkurugenzi wa Utekelezaji, miwani mfukoni. Kulikuwa na mkuu wa kituo, kavaa kiraia, kikapu chake kinatoa sauti nyembamba. Na wa kwanza kabisa, amevaa miwani ya jua, amejiinamia mbele ya lile bati, alikuwa Mheshimiwa Dokta Injinia Nyundo Balasa, anasafiri usiku ule kwenda kupokea tuzo.

"Fundi," nilimsikia akinong'ona, "niangalizie paka."

"Haya," akajibu fundi Tindwa kutoka upande wa pili.

Waziri akapitisha karatasi. Niliiona nilipochungulia. Nukta pacha zake zilikuwa kubwa kuliko maneno, zimepigwa mstari kwa chini. Akapokewa kikapu, akashukuru, akatupita sote bila kutuona, nasi hatukumwona.

Zamu yangu ikafika. Nikapitisha Mkato, nikapitisha na karatasi yangu. Kisha nikasikia hatua zinakwenda na kurudi, na kwenye lile tundu ukatokea mkono wa fundi umeshika brashi.

"Nianzie ukuta gani?" akauliza.

Sikuelewa, mpaka alipoirudisha karatasi. Nilikuwa nimeandika, kwa mazoea ya miaka minne: *Paka maziwa asubuhi.*

Bi Msimu, aliyekuwa naye upande ule, akainama akanitazama kupitia tundu, Kisamvu begani mwake. Hakucheka. Akanipitishia kalamu ya wino mzito.

"Weka mwenyewe," akasema.

Nikapiga goti pale uchochoroni, nikaweka kitone kimoja, na juu yake cha pili, nikakandamiza mpaka wino ukatokea upande wa nyuma. Nilipoinua kichwa, foleni nzima ilikuwa imetoa karatasi zake mifukoni, na watu walikuwa wanaulizana nani ana kalamu.